Jukwaa la Mita Mbili Halimtishi Mtu

Mpandishe fundi kwenye zege la ghorofa ya sita ambalo halijawekewa ukingo, umwangalie anavyotembea. Atakanyaga taratibu, mkono utatafuta nguzo ya kushika, wala hatahitaji mtu wa kumwambia akae mbali na ukingoni. Kesho mpeleke kwenye nyumba ya chini, apige lipu juu ya jukwaa la mirunda lenye urefu wa mita mbili. Fundi yuleyule atarudi kinyumenyume bila kugeuza shingo, atasimama juu ya ubao mmoja usiopigiliwa msumari, na atajinyoosha nje kabisa kufikia kona ambayo jukwaa halikuifikia. Macho yamempimia hatari, na miguu inafuata kipimo hicho. Kipimo kikiwa kidogo kuliko hatari yenyewe, ndipo watu wanapoumia.

Sisi tunaosimamia usalama kwenye saiti za ujenzi tumejifunza jambo hili polepole, na gharama yake wamelipa wengine kwa miili yao.

Anayeanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64, akiwa na mwendo wa kilomita 22 hivi kwa saa. Kutoka mita 3 mwendo unakaribia kilomita 28. Hakuna nafasi ya kujigeuza wala ya kudaka kitu. Halafu angalia anakoangukia: chini ya jukwaa fupi ndiko kunakorundikwa vipande vya tofali, ndoo, koleo, na nondo zilizoachwa zimesimama zikisubiri nguzo. Ghorofa ya sita inaogopwa, kwa hiyo hata mwenye mradi anayebana pesa huweka angalau mbao pale. Jukwaa la mita mbili haliogopwi na yeyote, kuanzia kibarua hadi mhandisi, na ndiyo maana halina mbao za ukingo, halina ngazi (watu hupanda kwa kukanyaga mirunda yenyewe), na chini yake hapasafishwi.

Ofisini jibu la haraka huwa ni kwamba wafanyakazi ni wazembe. Tumeacha kabisa kulitumia neno hilo, kwa sababu halielezi kitu. Fundi anapima kwa alichokiona, na alichokiona kinamwambia ukweli fulani. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme kupanda ngazi ambayo haijafungwa juu humwangusha mtu mara 1 katika kila mara 50,000. Saidia fundi anayepandisha mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) hupanda mara 20 kwa siku. Akifanya kazi siku 300, amepanda mara 6,000 kwa mwaka. Kwa wastani itampita miaka 8 kabla ngazi haijamwangusha, na wengi huwa wameshahamia kazi nyingine kabla ya miaka hiyo. Kila jioni ngazi ile inamwambia kwamba haina tatizo, naye anaisikia. Sasa hesabu saiti nzima yenye watu 60 wa namna hiyo: wanapanda mara 360,000 kwa mwaka, na saba kati yao wanaanguka. Ngazi ileile imewapa majibu mawili, mtu mmoja mmoja na saiti nzima, na yote mawili ni ya kweli. Kibarua hana namna ya kuliona jibu la pili. Anayeweza kuliona ni yule mwenye daftari.

Kwa hiyo daftari la kwanza tunalosisitiza si la majeruhi, ni la nusura, yaani yale matukio yaliyokaribia kumuumiza mtu yasimuumize. Tofali la bloku la inchi sita lina kilo zinazokaribia 30. Likidondoka hatua moja kutoka kwa mtu, kwa kawaida watu watashtuka, watacheka, mmoja atamshukuru Mungu, na kazi itaendelea. Hapo akili ya kila aliyeona imeandika moja kati ya mambo mawili: "tulikaribia kufa" au "halikutupata". La pili ndilo hubaki, na kila nusura inayopita bila kuzungumzwa inaifanya hatari ionekane ndogo zaidi kuliko jana. Tunachofanya ni kuandika kabla ya jioni: kitu gani kilidondoka, kutoka wapi, kilikuwa kimewekwaje, nani alikuwa chini na alikuwa anakwenda wapi. Hatuandiki jina la aliyeangusha. Siku ambayo jina lilianza kuandikwa, nusura ziliisha kwenye daftari, ingawa tofali ziliendelea kudondoka. Siku inayofuata, kabla kazi haijaanza, nusura ile inasimuliwa palepale ilipotokea, huku watu wakiangalia juu. Ukiisimulia getini haina nguvu.

Kuna usemi ambao kila saiti inao: ajali haina kinga. Msibani usemi huu una kazi yake. Unamtoa mjane kwenye mawazo ya "laiti angechelewa basi", na hakuna mwenye moyo atakayeupinga pale. Tatizo ni pale unaposemwa saa moja asubuhi, kabla ya kazi, na mtu anayepanda jukwaa lililofungwa kwa kamba iliyooza. Hapo si faraja tena, ni ruhusa. Tumeona haisaidii kubishana na imani ya mtu. Mafundi Waislamu wenyewe hukumbushana habari ya ngamia, kwamba mfunge kwanza kisha utawakali, na Wakristo nao wana maneno yao ya namna hiyo. Kinachosaidia ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza kwa nini alianguka, ambalo jibu lake litapanda mbinguni mara moja, uliza ubao uliishia wapi, ulipita mrunda kwa sentimita ngapi, ulipigiliwa misumari mingapi. Maswali hayo yana majibu ya hapa duniani. Ubao usiofika sentimita 15 kupita mrunda unaoubeba unachomoka mtu akikanyaga mwisho wake. Ukizidi sana bila kufungwa, unanyanyuka upande wa pili kama bembea. Hilo fundi analielewa kwa sekunde moja, na hana haja ya kuacha kumwamini Mungu ili aupigilie.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, alieleza kwamba watu huikuza hatari inayotisha na isiyojulikana, na huipunguza ile wanayoifahamu. Tafiti nyingine zinaongeza kwamba hatari ambayo mtu anaona anaitawala mwenyewe huonekana ndogo. Aliyewahi kupanda daladala na kumlaani dereva kwa mwendo, kisha akashika usukani wake mwenyewe na kwenda mwendo uleule, anajua maana ya maneno hayo. Saiti mambo hujipanga vivyo hivyo. Umeme unaogopwa. Ghorofa ndefu inaogopwa. Grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia, haiogopwi na anayeishika, inaogopwa na aliyesimama pembeni. Na chini kabisa, kwenye vitu ambavyo havimtishi mtu yeyote, kuna saruji, vumbi na kelele.

Saruji mbichi ina ukali wa pH unaozidi 12, karibu na ule wa magadi makali ya kutengenezea sabuni. Lakini haichomi kama moto. Zege likiingia kwenye buti, au mtu akipiga magoti juu ya sakafu mbichi, mwanzoni anahisi unyevu tu. Maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa, na yakifika, ngozi imeshaliwa. Mwili haukumpa taarifa kwa wakati, basi na yeye hakuiona hatari kwa wakati. Dawa yake ni ndoo ya maji safi karibu na mahali pa kumwaga zege, si kwenye bomba la getini. Buti refu la mpira ambalo suruali inakaa nje yake, si ndani. Na amri moja isiyo na mjadala, kwamba zege likiingia kwenye buti unavua hapohapo, hata kama mikisa ya kuchanganyia zege inazunguka.

Vumbi ni baya zaidi kwa sababu kuchelewa kwake ni kwa miaka. Unapokata bloku au zege kwa grenda, lile wingu jeupe unaloliona si ndilo linalokwenda chini kabisa ya mapafu. Linalofika huko ni lile laini lisiloonekana kwa jicho, lenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Fundi anajifunga fulana puani, anaona kitambaa kimekuwa cheupe, anaridhika kwamba kimefanya kazi. Kimezuia lile la kuonekana. Ugonjwa wa silikosi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi hilo, hauna tiba, na unamweka mgonjwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Ukimwambia haya kijana wa miaka 22 anayelipwa kwa siku, ataitikia kwa heshima na ataendelea. Miaka 10 iko mbali sana na chakula cha leo. Kwa hiyo hatutegemei woga wake kwenye vumbi. Tunaweka chupa ya maji yenye mpira mwembamba unaodondosha kwenye msumeno wa kukatia, au tunapanga vipimo vya bloku mapema ili kukata kupungue, na barakoa ya kuchuja vumbi laini (ya daraja la N95 au FFP2) inakuja mwisho, ikiwa imebana uso kweli. Mwenye ndevu haimbani. Kuhusu kelele, kipimo kisichohitaji mashine ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mita moja mbele yako akusikie, masikio yako yanahitaji kinga.

Kuna zoezi tunalolipenda kuliko mafunzo ya siku nzima yenye soda na vyeti. Andika hatari 10 za saiti yenu kwenye kadi 10: kuanguka jukwaani, umeme, mtaro kubomoka, kudondokewa na kitu, grenda, vumbi, saruji, kelele, mizigo mizito, lori linalorudi nyuma. Wagawe watu katika makundi ya wanne au watano kwa kazi zao, mafundi uashi peke yao, wafunga nondo peke yao, madereva peke yao, kina mama wanaobeba maji na zege peke yao. Wape dakika 15 wazipange chini, ya juu kabisa ikiwa ile inayoweza kuwaua au kuwalemaza wao, ya chini ile isiyowasumbua. Msimamizi naye apange zake pembeni bila kuonekana. Kisha zifunueni pamoja. Usimsahihishe mtu. Uliza tu, "Kwa nini hii mmeiweka hapa?"

Majibu ndiyo mali. Madereva huweka lori chini kabisa kwa sababu wana vioo na wanajua breki. Kina mama huliweka juu, kwa sababu wao ndio wanaopita nyuma yake na ndoo kichwani, shingo haigeuki. Dakika moja ya mazungumzo hayo huleta kitu ambacho tangazo la ukutani haliwezi: njia ya waenda kwa miguu inatengwa na njia ya magari, na mtu mmoja anawekwa kuongoza lori likirudi nyuma. Msimamizi naye hujifunza aibu kidogo, maana mara nyingi kadi ya mizigo mizito ameiweka mwisho, na wabeba saruji wameiweka ya pili. Mfuko una kilo 50. Anayebeba mifuko 80 kwa siku amebeba tani 4 mgongoni.

Grenda inastahili nafasi yake. Ile ndogo, ya jiwe (kile kisahani cha kukatia) la milimita 115, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Jiwe lake limeandikwa mwisho wa mzunguko, yaani mara ambazo halitakiwi kuzidisha kwa dakika, kwa kawaida 13,300. Jiwe kubwa la milimita 230 limeandikwa 6,600. Jiwe dogo likiisha na kubwa likawepo, fundi huondoa kikinga, kile kifuniko kinacholizingira jiwe, ili kubwa liingie kwenye mashine ndogo. Anawasha, linazunguka vizuri, linakata haraka kuliko kawaida. Kila alichokiona kinamwambia amefanya jambo la akili. Asichokiona ni kwamba ukingo wa jiwe lile sasa unakwenda mita 130 kwa sekunde wakati limetengenezwa lisizidi 80. Jiwe linalokaribia kupasuka linafanana kabisa na jiwe zima. Likipasuka, vipande vinakwenda usoni, shingoni au kwenye paja, na hakuna anayeviona vikija.

Tulipouliza mafundi kwa nini kikinga hutolewa, jibu la kwanza halikuwa ukaidi. Walisema kinaziba mstari wa kukatia. Ni kweli, kikiwa kimegeuzwa vibaya kinaziba. Kwa hiyo kabla ya kumkaripia mtu, mwonyeshe namna ya kukizungusha kikinga kikae kati ya jiwe na mwili wake huku mstari ukionekana, na uhakikishe stoo haiishiwi mawe madogo. Mawe matano ya akiba ni pesa ndogo. Halafu mzoeshe kusoma namba mbili kwenye jiwe: mwisho wa mzunguko, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwenye kile kipete cha chuma cha katikati. Jiwe jipya lizungushwe sekunde 30 bila kukata, likielekezwa pasipo na watu.

Sasa tuseme juu ya maneno ambayo tunayaogopa kuliko tofali linaloning'inia: "ni kazi ya dakika mbili tu."

Kuvaa hanesi (mikanda ya mwilini ya kumzuia mtu asianguke) vizuri, kukaza mikanda ya mapaja, kukagua mishono na kutafuta mahali pa kufunga kamba huchukua dakika 5. Kurudi stoo kuichukua, ikiwa stoo iko getini na mtunza stoo ameenda kunywa chai, ni dakika 15 nyingine. Kazi yenyewe ni kugonga msumari mmoja. Akili ya mtu hailinganishi dakika 2 na kifo. Inalinganisha dakika 2 na dakika 20, na jibu linajulikana. Tumewahi kuona saiti ikibadilika bila neno hata moja la mafunzo, kwa kuhamisha tu vifaa. Hanesi zikatundikwa kwenye kila ghorofa palipo na ngazi, miwani ikafungwa kwa kamba kwenye grenda yenyewe, glovu zikawekwa kwenye rundo la nondo. Ukitaka kujua kwa nini watu hawavai kitu, chukua futi ya kupimia uhesabu hatua kutoka walipo hadi kilipo. Kisha kivae mwenyewe saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, kwa saa nzima. Utagundua miwani inayojaa ukungu, helmeti isiyo na utepe wa ndani wa jasho, na glovu nene ambazo haziwezi kushika waya wa kufungia nondo. Kifaa kinachozuia kazi humfanya mtu akione kifaa chenyewe kuwa ndiyo hatari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Kuwashirikisha watakaovivaa katika kuvichagua ni hekima inayotakiwa kuongezwa juu ya sheria.

Hanesi ina mtego mwingine. Anayeivaa anajiona salama, na kwa hiyo anasogea karibu zaidi na ukingo kuliko angesogea bila hiyo. Lakini piga hesabu. Kamba yake ina mita 1.8. Kifyonza mshtuko, kile kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza nguvu ya kukatishwa, kikifunguka kinaongeza kama mita 1.2. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni mita 1.5. Acha mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 5.5 chini ya mahali kamba ilipofungwa. Aliyejifunga usawa wa miguu yake kwenye ukingo wa ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini, atafika ardhini kabla kamba haijakaza. Amevaa, amefunga, msimamizi amempigia tiki, na hana kinga yoyote. Kwenye vimo hivyo tumia mbao za ukingo: ya juu mita 1 hivi kutoka ubao wa kukanyaga, ya kati katikati yake, na ubao wa chini wa sentimita 15 wa kuzuia vitu visidondoke. Hanesi ikilazimu, fungia juu ya kichwa, kwenye kitu kinachostahimili angalau mzigo wa tani 1.2. Bomba la maji la plastiki si kitu hicho, wala mrunda uliofungwa kwa katani. Na kabla mtu hajapanda, jueni atashushwaje akining'inia, kwa sababu aliyening'inia kwenye mikanda bila kujitikisa anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache.

Mtaro unadanganya kwa njia nyingine tena. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu husimama wima kama ukuta, na wachimbaji hupima kwa jembe: likigoma kuingia, udongo ni mgumu, uko salama. Ugumu wa kuchimba hauna uhusiano mkubwa na kusimama kwa ukuta wa mtaro baada ya kukauka, kupata ufa na kutikiswa na lori. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 au zaidi, sawa na gari dogo. Aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa kiko nje. Kuanzia kina cha mita 1.2 tunataka kuta zilazwe au zishikwe kwa mbao na mirunda, udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi iwe karibu kiasi kwamba mtu hatembei zaidi ya mita 7 kuifikia. Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mtu mmoja anatembea juu akitafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Ufa wa upana wa kidole unatosha kuwatoa watu wote.

Kuogofya watu hakudumu. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, na tena jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, kila aliyefanya kazi ya ujenzi alitazama nguzo kwa jicho jipya. Ni haki kabisa. Lakini woga wa namna hiyo huenda kwenye jambo lililotokea, hauendi kwenye ngazi isiyofungwa, na baada ya majuma machache umepoa. Picha za damu ukutani zina tabia hiyohiyo: wiki ya kwanza zinatisha, ya pili ni pambo. Mtafiti Torbjørn Rundmo, aliyewachunguza wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta ya Norwe kwenye Bahari ya Kaskazini, alifikia hitimisho katika miaka ya 1990 ambalo linalingana na tunayoyaona: kubadilisha tu namna mtu anavyoiona hatari hakutoshi kubadilisha anavyofanya kazi, kwa sababu vyote viwili vinazaliwa na mazingira ya kazi na msimamo wa wanaoisimamia.

Msimamo huo hausomwi kwenye bango. Unasomwa siku ya kumwaga zege, lori la pili limeshafika, na jukwaa la upande mmoja halijakamilika. Foremani akisema "malizeni hivyohivyo", ameshatoa mafunzo ya mwaka mzima. Akisimamisha lori dakika 40, ametoa mengine.

Na unasomwa kwenye malipo. Fundi wa lipu hulipwa kwa mita ya mraba. Kujenga jukwaa, kulihamisha, kulifunga upya, hakuna anayemlipa. Kila saa anayoitumia kulifunga vizuri inatoka mfukoni mwake. Hapo hata aliyeanguka jana akavunjika mkono atajenga jukwaa bovu kesho, akiijua hatari vizuri kabisa. Tumeshauri jambo moja kwa wenye miradi na pale lilipokubaliwa limefanya kazi: jukwaa liwe kazi yake yenyewe kwenye mchanganuo wa gharama, na bei yake, na watu wake wawili au watatu wanaolijenga na kulitia alama kabla fundi hajapanda. Kitambaa cha kijani, panda. Chekundu, usipande. Fundi akilikuta la kijani hana sababu ya kulikarabati wala kulibomoa kupata mbao.

Mgeni aangaliwe kwa namna ya peke yake. Aliyeingia saiti jana hajui kipi ni cha kawaida, kwa hiyo anakichukulia kila anachokiona kuwa cha kawaida, ukiwemo ule ubao uliovunjika ambao wenyeji wote wanauruka bila kuufikiria. Mpe mwenzake wa kumfuata wiki mbili, mvalishe helmeti ya rangi tofauti, na usimpangie mtaro wala paa. Lakini muulize mwishoni mwa siku ya kwanza ni kitu gani kimemshangaza. Macho yake bado hayajazoea. Ule ubao atautaja yeye.

Limebaki la mwenye kukataa. Kifungu cha 13 cha Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kinataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba uhai au afya yake iko hatarini sasa hivi. Kwa kibarua wa siku, ulinzi huo una sura moja tu: je, leo atalipwa, na kesho ataitwa? Tulichokipanga ni kwamba akisema hapandi, msimamizi anakwenda naye hadi pale, wanaangalia pamoja, na saa hizo zinahesabiwa kuwa za kazi. Pakirekebishwa, anapanda. Wakitofautiana, anapewa kazi nyingine hadi ofisa usalama afike, na hakuna mwenzake anayetumwa pale kimyakimya kuchukua nafasi yake. Asubuhi inayofuata vibarua wanapokusanyika getini, majina yanasomwa, na wote waliokuwepo jana wanasikiliza kama lake limo.